Mwamko Mdogo: Ari ya Kusoma katika Shule za Kata za Masasi na Newala

Mwamko mdogo wa elimu ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi pale matokeo ya sekondari za Masasi na Newala yanapokuwa mabaya. Husikika kwenye vikao vya tathmini, kwenye mahafali na kwenye ziara za viongozi: wazazi hawana mwamko, watoto hawana mwamko, ndiyo maana utoro hauishi na ziro hazipungui. Neno lenyewe limebeba picha ya mtu aliyelala, ambaye akiguswa begani ataamka. Likishatamkwa, maswali mengine hukoma: mwalimu wa Fizikia yuko wapi, vitabu vimefika vingapi, mtoto amekula nini tangu asubuhi. Ni sababu nyepesi kwa anayeitoa, kwa kuwa haimdai chochote.

Katika saikolojia ya elimu ari haichukuliwi kama kinyume cha usingizi. Nadharia ya matarajio na thamani, iliyoendelezwa na Jacquelynne Eccles na wenzake tangu miaka ya 1980, huiona juhudi ya mwanafunzi kama jibu la maswali machache anayojiuliza hata bila kuyatamka. Nikijitahidi, nitaweza? Nikiweza, nitapata nini? Na ili nikipate hicho, nitakosa nini? Majibu hayatoki hewani. Mwanafunzi huyachota kwa waliomtangulia mtaani kwake, kwa idadi ya vipindi vilivyofundishwa wiki iliyopita, kwa alama zilizoandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari lake. Kwa hiyo ukosefu wa usawa na ukosefu wa ari si mada mbili zilizowekwa jirani. Ya pili kwa sehemu kubwa ni ya kwanza, ikitazamwa kutoka kwenye dawati.

Historia ya eneo hili haiungi mkono hoja ya usingizi. Masasi ilipata shule mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika hapo kutoka Unguja akiwa na watumwa waliokombolewa, na kijiji chao chini ya milima ya mawe kikawa na kanisa na darasa. Uvamizi wa Wangoni, walioitwa Magwangwara, uliivunja Masasi mwaka 1882 na sehemu ya kazi ikahamia Newala, lakini darasa halikufa. Vijana walioonekana kufaa walipelekwa Chuo cha Kiungani, Unguja, wakarudi wakiwa walimu. Wabenediktini walianza Ndanda mwaka 1906, na Waanglikana wakawa na Chidya, iliyokuja kujulikana kote kusini. Mtoto wa Lupaso aliyezaliwa mwaka 1938 aliweza kusoma Ndanda, akaendelea Kigonsera na Pugu, na hatimaye akawa rais wa tatu wa Tanzania. Benjamin Mkapa hakutoka katika jamii iliyokuwa imelala.

Hata hivyo urithi huo haukugawanywa sawa. Elimu ya misheni ilikuja na dini, na kwa familia nyingi za Kiislamu, hasa upande wa Newala, kumpeleka mtoto kwenye darasa la padri kulikuwa kumtoa katika imani ya wazee wake. Watoto hao walisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na serikali ya kikoloni haikuihesabu elimu hiyo. Baada ya Uhuru serikali ilizitaifisha shule za misheni mnamo 1970 na kuzifungua kwa wote, jambo lililopunguza pengo la dini, lakini nafasi za sekondari zilibaki chache mno nchini kote. Azimio la Musoma la 1974 lilielekeza nguvu kwenye elimu ya msingi kwa kila mtoto. Kwa kizazi kizima, darasa la saba ndilo lililokuwa mwisho wa njia kwa watoto karibu wote wa uwanda wa Makonde, na wazazi wa wanafunzi wa leo ni wa kizazi hicho au watoto wa kizazi hicho.

Mlango wa sekondari ulifunguliwa kwa kishindo katikati ya miaka ya 2000. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na kuanzia 2006 kila kata ilitakiwa iwe na sekondari yake, ikijengwa kwa nguvu za wananchi. Nchi iliyokuwa na sekondari 1,745 mwaka 2005 ilifikisha zaidi ya 4,200 mwaka 2010, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu laki tano hadi zaidi ya milioni 1.6. Kuta zilijengwa kwa kasi ambayo vyuo vya ualimu havikuweza kuifikia. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja wakapelekwa madarasani, na mitaani wakabatizwa jina la walimu wa vodafasta. Shule zenyewe ziliitwa yeboyebo, kwa jina la kandambili za plastiki. Mwanafunzi aliyekaa darasa hilo alilijua jina hilo, na alijua linamhusu.

Gharama ya kasi hiyo ilionekana katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, takribani asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na baadaye matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa viwango vingine. Alama zilibadilika, lakini walichokuwa wamejifunza wanafunzi kilibaki vilevile.

Ndani ya wilaya hizi mbili matabaka ya shule yako wazi kwa kila mzazi. Juu kabisa kuna shule za vipaji maalumu zilizo mbali, kama Kibaha, Mzumbe, Ilboru na Tabora, ambazo huchukua wachache waliofaulu vizuri zaidi darasa la saba. Zinafuata shule kongwe za bweni kama Ndanda, Chidya, Ndwika na Masasi Wasichana, pamoja na za binafsi kama Abbey ya Wabenediktini huko Ndanda kwa mwenye uwezo wa kulipa ada. Wanaobaki huenda shule ya kata, ya kutwa. Mfumo huu una mantiki yake ya kuendeleza vipaji, lakini kila Januari huiondolea shule ya kata wale ambao wenzao wangewaiga. Mwalimu hubaki na darasa ambalo kila aliyemo anajua hakuchaguliwa.

Mji wa Masasi, ulio kwenye njia panda ya barabara za Lindi, Tunduru, Newala na Nachingwea, umekua haraka, na Newala, iliyo ukingoni mwa uwanda ikitazama bonde la Ruvuma, nayo imekuwa halmashauri ya mji. Ingedhaniwa kuwa sekondari za mjini zina unafuu. Walimu hupendelea kupangiwa mjini, ni kweli, na umeme upo. Lakini shule hizo hupokea pia watoto wa kata za pembezoni ambao hawawezi kwenda na kurudi kila siku. Hawa hupanga vyumba, wenyewe huviita geto, wawili au watatu pamoja, bila mtu mzima, wakijipikia na kujiamsha. Mtoto wa miaka 14 anayetoka kijiji cha kata kama Makote kwenda kuishi hivyo hukutana na uhuru ambao mwanafunzi wa bweni hana, na njaa ambayo mtoto wa mfanyakazi wa halmashauri haijui. Utoro mwingi unaoandikwa kwenye rejesta ya mjini huanzia katika chumba cha namna hiyo, siku ambayo unga umeisha.

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari iliwekwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka. Katika msimu wa 2017/18, kilo moja ya korosho ghafi ilipofika karibu shilingi 4,000 mnadani, ada hiyo iliyofutwa ilikuwa sawa na kilo tano za korosho, na ruzuku nzima ya mwaka haikufika kilo saba. Kinachomuumiza mzazi hasa ni sare, madaftari, chakula cha mchana, kodi ya chumba, na kazi ambayo mtoto haifanyi akiwa darasani. Waraka haukuyagusa hayo. Ulichofanya ni kuongeza wanafunzi, na kuwafanya baadhi ya wazazi waamini kuwa hata mchango wa uji hauwahusu tena.

Katika yote yanayoua ari shuleni, hakuna linalofanya kazi kimyakimya kama lugha. Mtoto wa Newala hukua na Kimakonde nyumbani, wa Masasi huenda akakua na Kiyao au Kimakua, na wote husoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari ya kidato cha kwanza, Baiolojia, Historia, Jiografia na Hisabati zote huja kwa Kiingereza, lugha ambayo hawaisikii sokoni, msikitini, kanisani wala redioni. Wiki chache za kozi ya maandalizi haziwezi kuziba pengo la miaka. Kinachofuata kimeelezwa kwa miaka mingi na watafiti kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne: mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi hunakili, swali likiulizwa darasa linakuwa kimya. Somo hilohilo likifundishwa kwa Kiswahili, mikono hunyooshwa. Mtoto aliyekuwa akijibu maswali darasa la saba hugeuka bubu ndani ya mwezi mmoja, na asiye mwangalifu huusoma ububu huo kama ukosefu wa mwamko.

Athari yake kwa ari ni ya moja kwa moja. Swali la kwanza, la kama ataweza, hujibiwa vibaya na mwanafunzi kabla hajajua kama ana kipaji cha Fizikia au hana, kwa kuwa hakuwahi kuifikia Fizikia yenyewe. Hukariri. Hudesa. Mtihani wa kidato cha pili humkuta hivyo, na akifeli hurudia mwaka. Katika Hisabati, ambayo kwa miaka mingi kitaifa imefaulisha karibu mmoja tu kati ya watahiniwa watano, wengi huacha kujaribu mapema, na si wajinga kwa kufanya hivyo: wamepima wapi nguvu zao zitarudisha kitu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari. Serikali ilikataa. Sera ya 2014 iliufungua mlango huo tena na toleo la 2023 likabakiza Kiingereza. Wazazi wengi, ni haki kusema, wako upande wa Kiingereza, kwa sababu wanaona watoto wa wakubwa wanasomeshwa kwa lugha hiyo. Hawajakosea kuhusu thamani yake. Tatizo ni kwamba shule ya kata huitumia lugha hiyo kufundishia kabla haijaifundisha.

Swali la pili na la tatu, la faida na la gharama, hujibiwa na korosho. Zao hili ndilo linaloendesha maisha ya Masasi, Newala na Tandahimba, na kalenda yake haipatani na ya Baraza la Mitihani. Dawa ya salfa hupulizwa kuanzia Juni. Kuokota huanza mnamo Septemba na kuendelea hadi Desemba, na minada ya vyama vikuu, MAMCU na TANECU, huanza Oktoba. Mtihani wa kidato cha pili na wa kidato cha nne huja mwishoni mwa Oktoba na Novemba. Yaani wiki ambazo kazi ya mtoto shambani ina thamani kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka ndizo hizohizo ambazo kukosa kwake darasani kuna hasara kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka. Kisha fedha huingia, huja ngoma, harusi na pikipiki mpya, na Januari shule zinapofunguliwa familia nyingi ziko mwanzoni mwa miezi ya njaa.

Kwa kijana wa kiume kuna zaidi ya kuokota. Msimu huleta kangomba, ununuzi wa korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mara nyingi kwa kipimo cha bakuli, kutoka kwa mkulima aliyekwama. Ni biashara iliyopigwa marufuku, na mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 na kulitumia jeshi kuisomba, uhakiki wa wakulima ulikusudiwa kuwanasa wafanyabiashara hao. Malipo ya wengi yakachelewa hadi mwaka uliofuata. Lakini kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kangomba na bodaboda ni kazi anazoziona zikilipa leo, kwa watu anaowafahamu kwa majina, bila cheti. Upande wa pili anamwona kaka yake mwenye daraja la nne akiwa amekaa kijiweni na cheti chake.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua korosho, na Masasi na Newala zikawa miongoni mwa miji iliyovipata, Newala ikiwa na viwili. Wakati huohuo operesheni ya vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, na uzalishaji ulioshinda tani 140,000 msimu wa 1973/74 ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vilikosa korosho, vikafungwa, vikabinafsishwa, na baadhi vikageuzwa maghala. Sehemu kubwa ya korosho hadi leo huondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Pamoja nayo huondoka kazi za fundi mitambo, mpima ubora, mtunza hesabu na mkemia, kazi zile hasa ambazo zingempa mtoto wa Newala sababu inayoonekana ya kusoma Kemia. Hoja ya mwamko hukwepa jambo hili: katika mji wenye maghala na usio na viwanda, thamani ya cheti cha kidato cha nne ni ndogo kweli, na wanafunzi hawajakosea kuiona hivyo.

Kwa wasichana hesabu ni nyingine. Uwandani hakuna mito, maji ni ya kununua au ya kufuata mbali, na wanaoyafuata ni wao. Jando na unyago, ambavyo mara nyingi hufanyika wakati wa likizo, hulaumiwa sana na walimu kwamba msichana akitoka huko hujiona mtu mzima. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, ila husahau kwamba jamii hizi zimeishi na unyago na shule kwa pamoja tangu enzi za Askofu Vincent Lucas, aliyejaribu kuliweka jando ndani ya Kanisa la Masasi badala ya kulipiga vita. Kilichomtoa msichana shuleni kwa uhakika zaidi kilikuwa kanuni: mjamzito alifukuzwa. Ndoa nayo iliruhusiwa na sheria ya 1971 kuanzia miaka 15, hadi Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika shauri la Rebeca Gyumi, zilipoona vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Novemba 2021 serikali iliruhusu mama kijana kurudi shuleni. Kurudi kwenyewe hutegemea kama kuna bibi wa kumlea mtoto, na katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, bibi huyo mara nyingi yupo. Ni rasilimali ambayo hakuna mpango wa elimu ulioihesabu.

Yaliyojaribiwa mengi yamekuwa ya majengo. Mwaka 2021, kwa mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, mengi ya sekondari, na mradi wa SEQUIP umeongeza shule na mabweni. Mabweni yana maana kubwa kwa watoto wa geto. Madarasa matupu yana maana ndogo zaidi. Utafiti wa Isaac Mbiti na wenzake, uliofanywa na Twaweza katika shule za msingi 350 za wilaya kumi mwaka 2013 na 2014, uligundua kuwa kuzipa shule fedha peke yake hakukuongeza ufaulu hata kidogo, lakini fedha zilipounganishwa na malipo kwa walimu kulingana na ujuzi wa wanafunzi, ufaulu ulipanda. Ulikuwa utafiti wa shule za msingi, na si kila kitu huhamia sekondari, lakini unaonya dhidi ya kutegemea saruji.

Njia nyingine ni ya kusema na wanafunzi: hamasa, mahafali, wageni waliofanikiwa, kambi za kitaaluma kabla ya mtihani. Kambi husaidia, hasa kwa kuwa hutoa chakula na kumwondoa mtoto shambani katika wiki zilezile za hatari. Kuhusu maneno matupu, ushahidi unaofaa unatoka mbali, Jamhuri ya Dominika, ambako Robert Jensen aliwaeleza wavulana wa darasa la nane mishahara halisi ya waliomaliza sekondari. Waliosikia walikaa shuleni muda mrefu kidogo kuliko wenzao. Lakini walioitikia walikuwa wale wa familia zenye nafuu. Kwa maskini zaidi habari hiyo haikubadilisha kitu, kwa kuwa walizuiwa na gharama. Ruzuku za TASAF kwa kaya maskini, zinazofungamanishwa na mahudhurio ya watoto, hugusa gharama hiyo moja kwa moja, ingawa kwa kiasi kidogo.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, hatua iliyozipunguzia shule za kata fedheha ya kila mwaka bila kuziongezea mwalimu. Sera mpya iliyotolewa mwaka huohuo imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi na kuigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambao unafundisha kilimo, ufundi, biashara na stadi nyingine za kazi. Kwa uwanda wa korosho, amali ingeweza kuwa ubanguaji, upimaji wa ubora, utengenezaji wa mashine za kupulizia salfa, hata juisi ya mabibo ambayo mengi huozea chini ya mikorosho au kugeuzwa uraka. Ingeweza pia kuwa jina jipya la darasa la waliokosa mwalimu wa sayansi, maana karakana na mkufunzi wake ni ghali kuliko ubao na chaki. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Mtihani wao wa kidato cha nne utakuwa Novemba 2027, minada ya korosho ikiwa imepamba moto.